Neno Lililomezwa na Kaseti

Mjukuu wangu Neema hufanya kazi zote za nyumba huku simu yake ikiimba, nami nimekwisha kuzoea. Nyimbo za vijana wa siku hizi hunipita kama mvua inavyopita juu ya bati. Lakini Jumamosi moja ya mwaka huu, akiwa ameketi mlangoni mwa jikoni anamenya viazi, gitaa lilipiga noti tano za kushuka, likanyamaza, likashuka tena, nikajikuta nimeshika ukuta. Nilizijua noti zile kabla sijakumbuka nilizijulia wapi. Kisha ngoma zikaingia kwa kishindo, na gitaa la pili la umeme lenye sauti ya kukwaruza, na kijana akaimba: asubuhi ukungu ulikuja kuomba moto kwetu. Nikamuuliza Neema ni kitu gani hicho. "Iko wimbo ya batoto ba Goma, Koko," akanijibu mimi bibi yake bila kuinua macho kutoka kwenye kisu. "Banasema baliisikia ku bazee ba huku kwetu." Nikasimama palepale kusubiri kiitikio. Kilipofika, neno ambalo mwaka mzima wa ujana wangu ulizunguka juu yake lilitoka safi, bila mkwaruzo wala shaka: usiningoje. Nikaenda chumbani nikaketi kitandani. Siku mbili baadaye simu yangu ililia, na sauti niliyokuwa sijaisikia kwa miaka sita ikasema, bila salamu, "Riziki, umesikia wimbo yetu?" Alikuwa Feza. Nikamwambia nimeusikia. "Basi uje Mweso," akasema. "Mimi magoti yangu haiwezi tena gari."

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na diploma mpya, nikapelekwa kufundisha darasa la pili huko Kashebere, mahali ambapo milima ya Masisi inaanza kuchoka na kuteremkia msitu wa Walikale. Feza alifundisha darasa la tatu. Madarasa yetu yalitenganishwa na mikeka iliyochakaa, hata wanafunzi wake walipokuwa wakihesabu kwa sauti, wangu waliitikia jumla. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya duka la Mama Kavira, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na lori lake, rozari yake na daftari lake la ibada, na ambaye aliuza kila kitu ambacho barabara ilikubali kuleta. Ukuta kati ya chumba chetu na duka ulikuwa wa mbao, na mbao zile zilipokauka zilisinyaa zikaacha nyufa, tukazibandika magazeti kwa uji wa muhogo. Chumba kilinuka mawese, sabuni na samaki wa chumvi. Tulikuwa na kitanda kimoja, mkeka mmoja, sanduku la Feza la chuma lenye maua mekundu, na dirisha dogo lisilo na kioo ambalo asubuhi lilijaa ukungu mweupe, mzito, kiasi kwamba mara nyingi niliamka nikidhani mtu ametundika shuka pale. Ninapokumbuka mwaka ule, vitu vyote vinanijia na ukungu huo pembeni yake, kama picha iliyolowa maji kwenye kingo.

Kaseti ilikuja na Papa Bahati, dereva wa Mama Kavira. Abiria mmoja aliisahau katika kabini ya lori, wala hakuirudia. Haikuwa na jina. Karatasi yake ilikuwa imechubuka yote. Mama Kavira alikuwa na radio kubwa ya kaseti juu ya rafu ya vitenge, na mvua za Oktoba zilipowafungia wateja nyumbani kwao, alituruhusu kuingia dukani baada ya shule kusikiliza. Betri zilipochoka tulizianika juani kama samaki ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Upande mmoja wa kaseti ulikuwa na nyimbo za kanisa. Upande wa pili, baada ya kimya kirefu, kulikuwa na wimbo huo mmoja tu: mwanaume na gitaa, na nyuma yake watu wawili watatu wanaoitikia, na mahali fulani mbali jogoo anawika, kwa sababu bila shaka waliurekodi uani kwa mtu. Mdundo wake ulikuwa wa nyimbo za kulima ambazo kila mmoja wetu alizisikia akiwa mgongoni mwa mama yake, lakini vidole vya yule mtu viliukimbiza kama vile vijana wa mjini walivyokuwa wakipiga. Maneno yalikuwa machache. Asubuhi ukungu ulikuja kuomba moto kwetu. Tukaupa kaa moja, ukabeba mulima muzima. Ametangulia na kitunga ya moshi. Kisha kiitikio: ku ngambo ya maji meusi, u, na hapo utepe ulikuwa umekunjamana, sauti ikazama kama mtu aliyekanyaga tope, kisha ikaibuka: ningoje. Uningoje, ao usiningoje. Hakuna aliyejua. Tulirudisha utepe kwa kalamu, tukasikiliza tena, sikio kwenye spika, na kila mara lile shimo dogo lilikuwa palepale.

Sijui kama wanaosoma leo wataelewa jinsi watu wanne walivyoweza kuishi msimu mzima ndani ya mistari minne. Mama Kavira alisema tangu siku ya kwanza kwamba ni wimbo wa marehemu. "Maji meusi iko kifo," alisema, akijifanyia ishara ya msalaba kwa mkono uliokuwa bado umeshika kipimo cha chumvi. "Na ile moshi iko ubani. Batu banasindikiza maiti." Papa Bahati alicheka mpaka akakohoa. Yeye alisema ni wimbo wa barabara. Ukungu unaobeba mlima mzima anaujua yeye, umetaka kumwua mara nyingi kule juu, na mtu wa kitunga cha moshi ni mchoma makala, mtu wa kuuza makaa, kwisha. "Mama, usitafute mufu mahali iko mutu anatafuta chakula," alimwambia. Mimi nilikuwa Madame mpya mwenye kiburi cha diploma, nikayaandika maneno kwenye daftari na kuyapigia mistari kwa kalamu nyekundu kama tulivyofundishwa kufanya na mashairi ya Kifaransa: sitiari hapa, taswira pale. Nilieleza kwamba ukungu ni usahaulifu. Nilijipenda sana nikisema hivyo. Leo ninacheka, lakini cheko langu lina huruma ndani yake, kwa maana msichana yule hakuwa amepoteza bado kitu chochote cha kusahau.

Feza hakubishana. Yeye aliketi juu ya gunia la maharagi, ameegemeza kichwa kwenye ubao, macho nusu yamefumba. Mchumba wake Innocent alikuwa ameondoka Agosti kwenda kupasua mbao ndani ya msitu, upande wa Walikale, ili arudi na mabati ya nyumba yao. Kwa Feza wimbo haukuwa na fumbo lolote. Aliyetangulia ni mwanaume. Msitu ndio ng'ambo ya maji meusi, kwa kuwa mito ya kule kweli ni myeusi kama chai. Moshi ni wa jiko la kambi. Na neno lililomezwa ni uningoje. "Lakini anasema aliyetangulia ni mwingine," nilimwambia siku moja. "Anayeimba amebaki huku. Sasa nani anamwambia nani angoje?" Akafungua jicho moja. "Weye na daftari yako," akasema. "Batu babili banaopendana, kila mumoja iko ngambo ya mwenzake." Kiswahili chetu kina ukarimu huo wa ajabu. Ametangulia inaweza kuwa mwanaume, mwanamke, mama, mtoto, hata mbwa. Mwimbaji hakutuambia, na kila mmoja wetu aliweka pale mtu aliyemkosa.

Barua za Innocent zilikuja na malori mpaka Noeli, tatu kwa jumla. Feza alizisomea kitandani, akazikunja, akazisoma tena. Baada ya Noeli hazikuja. Januari mimi nikashikwa na malaria, nikabaki nyumbani siku nne. Siku ya tatu, mchana, jasho likiwa limelowesha mkeka na magazeti ukutani yakiogelea mbele ya macho yangu, nilisikia lori likizima nje, kisha viatu vya Papa Bahati juu ya sakafu ya duka. Alikuwa ametoka Walikale. Mama Kavira alimpa chakula, nikasikia kijiko kikigonga sahani. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "ule Innocent ya Feza, nilimukuta kule. Iko na mwanamuke mu nyumba." Kijiko kikanyamaza. "Mwanamuke namna gani?" "Mwanamuke. Iko anamupikia. Na iko na mimba, nilimuona kwa macho yangu." Mama Kavira aliita jina la Yesu na la Maria. Akauliza nani atamwambia Feza. "Si miye," alisema Papa Bahati. "Si miye vilevile," alisema Mama Kavira, kisha akaongeza: "Labda Mungu atajua namna." Jioni Feza alirudi, akanikanda kichwa kwa kitambaa cha maji, akiimba taratibu wimbo ule, na alipofika kwenye lile shimo aliimba uningoje kwa uhakika kabisa. Nilijiambia kwamba nilichosikia ni homa. Kwa wiki kadhaa niliweza hata kukiamini hicho.

Kwenye likizo ya Pasaka Papa Bahati alikuwa anaenda kuchukua viazi na maharagi Ngungu, akanipa nafasi katika kabini. Feza hakuweza kuja. Alikuwa na masahihisho ya mtihani, na zaidi ya hayo hakutaka kuwa mbali na barabara ya Walikale. "Uliza ule wimbo kila mahali unapita," aliniambia, akinifungia ndizi za kuchoma katika jani. "Ukipata mwenye iliimba, umuulize neno." Alikuwa amepata barua mwezi ule, lakini si ya Innocent. Shule ya uuguzi ya Mweso ilikuwa imemkubali, na walitaka jibu kabla ya mwisho wa Mei. Barua hiyo aliiweka chini ya sanduku, si ndani. "Nikienda Mweso," aliniuliza, "yeye akirudi atanikuta wapi?"

Barabara ilikuwa mbaya kama kawaida yake. Tulilala Masisi, tukalala Sake, tukapanda tena. Ngungu tulifika siku ya soko, anga jeupe, mashamba yamening'inia juu ya milima kama vitambaa vilivyotandazwa kukauka. Nilimwimbia mama mmoja aliyeuza vitunguu mstari wa kwanza. Hakuniacha nimalize. "Ah, ile iko ya Papa Mashauri," akasema, akanionyesha kwa kidevu kilima cha ng'ambo. Nilimkuta analima, mwanaume wa miaka kama arobaini, mwembamba, miguu imejaa udongo mpaka magotini. Nilipomwambia nimetoka Kashebere kwa ajili ya wimbo, aliegemea jembe, akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi wake aliyepotea ameonekana Kinshasa. Mke wake alitupa viazi vya kuchemsha na maziwa ya mgando. Akaleta gitaa lake. Nyuzi tatu zilikuwa nyuzi, tatu zilikuwa waya za breki ya baiskeli. Akaimba, na alipofika mahali pa shimo sikuwa na haja ya kuinamisha sikio. Uningoje.

Nilimweleza yote tuliyofikiri: kifo, makala, upendo, usahaulifu. Alisikiliza kwa heshima, akitafuna. "Mulifikiria mingi," akasema mwishowe. "Iko moshi tu, Madame." Kisha akanisimulia. Alipokuwa mtoto wa miaka mitano au sita, baba yake alifariki, na mama yake akaamua kuacha kilima chao na kushuka kutafuta shamba upande wa msitu, kwa ndugu zake. Kiberiti hawakuwa nacho. Asubuhi ya kuondoka alichukua kaa la moto kutoka katika jiko lao, akalilaza juu ya majivu ndani ya chungu kilichovunjika, akakiweka katika kitunga, akakibeba. Ukungu ulikuwa mzito. Yeye mtoto alikuwa nyuma, na alichoona mbele ni moshi tu unaotoka kichwani mwa mama yake. Wakafika mtoni, kwenye daraja la kamba za msituni, na mama akavuka kwanza, upesi, ili moto usilowe. "Miye niliogopa," alisema Papa Mashauri. "Nikashika kamba, nikalia, nikaita: Mama, uningoje, uningoje." Nikamuuliza kama alingoja. "Alingoja," akasema. Akapiga noti moja, akaizima kwa kiganja. "Alisimama ku ngambo mpaka miye nikapata roho ya kuvuka. Ilikawia sana. Na mvua ikaja. Moto ikazimika. Ile siku hatukukula kitu, na kesho yake pia, mpaka tukafika." Nilimwuliza kama mama yake alimkasirikia. Alifikiri. "Hapana. Hakunisemea kitu. Lakini moto ya nyumba yetu, ile baba aliwasha, haikupatikana tena."

Njia nzima ya kurudi niliirudia sentensi hiyo. Nilimwona Feza amesimama ukingoni na mvua inakuja. Neno lilikuwa uningoje, Feza alikuwa amesikia vizuri tangu mwanzo, na ningemwambia hivyo angeirudisha barua ya Mweso na kukaa kwenye gunia la maharagi akimngoja mwanaume mwenye mke. Na kumwambia lile la mke sikuweza. Nilijaribu ndani ya kabini, midomo ikitikisika, hata Papa Bahati akaniuliza kama ninasali. Nilikuwa mwoga. Ninaandika hili bila kujipamba. Wenzangu wawili wakubwa waliojua walimwachia Mungu, nami nilimwachia Papa Mashauri.

Nilifika wakati wa chakula. Kulikuwa na bugali ya muhogo na sombe, majani yake yaliyotwangwa, na Feza alikuwa ameninunulia kipande cha jibini cha kunikaribisha. Hakuniuliza habari ya barabara. "Ulimupata?" "Nilimupata." "Na neno?" Nilimega bugali, nikaifinyanga kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Iko usiningoje," nikasema. Aliniangalia. Nakumbuka mwanga wa saa kumi uliokuwa ukiingia kwenye lile dirisha dogo, na mvuke wa sombe, na uso wake nyuma ya mvuke ule. Akaosha mkono wake wa kulia polepole, kidole kwa kidole, ingawa hakuwa amemaliza kula. Wiki ile aliandika jibu kwa Mweso. Na mimi, ili uongo wangu usimame imara, niliwafundisha watoto wa darasa la pili wimbo ule mpaka mwisho wa mwaka, watoto hamsini na kitu wakiimba usiningoje kwa nguvu zao zote, nikijua kwamba nyuma ya mkeka Feza anasikia. Watoto wale wamekuwa watu wazima, wametawanyika na nyimbo zao. Nafikiri ninajua vijana wa Goma walilitoa wapi lile neno safi.

Feza aliondoka mwanzoni mwa Julai, juu ya magunia, sanduku lake la maua mekundu likiwa limefungwa kwa kamba pembeni yake. Wiki ya mwisho ya mwezi huohuo, nikiwa nafunga vitu vyangu kwenda likizo, mtu alibisha hodi. Alikuwa Innocent. Sikumtambua mara moja. Nilimkaribisha ndani, akaketi mahali Feza alipokuwa akiketi. Kaka yake mkubwa, alisema, aliangukiwa na mti mnamo Desemba, akafa siku hiyohiyo. Aliacha mke mjamzito mbali na watu wake. Innocent alikaa naye mpaka akajifungua na kupata nguvu, kisha akamsindikiza kwao kwa mguu, siku tisa kwenda, na barua alizompa mtu azilete kumbe hazikufika. "Feza iko wapi?" aliuliza. Nikamwambia Mweso, kwenye shule ya uuguzi, miaka mitatu. Nilitaka kuendelea, kumwambia niliyoyafanya, lakini yeye aliinua mkono. Uso wake ulikuwa umejaa kitu ambacho nilidhani ni hasira, na haikuwa hasira, ilikuwa fahari. "Infirmière, muuguzi," alisema. "Feza wangu." Kisha akanigeukia. "Madame, usimwambie nilikuja. Ninamujua: ataacha masomo. Wacha amalize. Miye nitaenda kutafuta yale mabati, akimaliza atanikuta." Nikamwahidi. Ndivyo nilivyoingia katika kimya changu cha pili, na hiki nilikiingia kwa ahadi. Mwaka mmoja na nusu baadaye zikaja siku za kukimbia vita, kijiji kwa kijiji, na watu wa ule upande wa msitu walipoanza kurudi, yeye hakuwa miongoni mwao. Hakuna aliyemzika, hakuna aliyemwona. Feza alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini, akaolewa na mwalimu mpole ambaye sasa ni marehemu, akazaa watoto wanne. Tulipokutana tuliongea juu ya watoto.

Nilifika Mweso siku ya Alhamisi. Feza ana nyumba ya mbao yenye rangi ya kijani na kuku wengi. Alikuwa amepika maharagi na viazi, akanikumbatia muda mrefu, tukacheka jinsi tulivyonenepa. Baada ya kula nilimwambia. Nilimwambia lile la Ngungu kwanza, uningoje, na mama, na moto uliozimika. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Riziki," akasema, "uliwaza nilienda Mweso juu ya neno ya wimbo? Nilienda juu ya uso yako. Ulikaa pale na bugali mu mukono na uso ya mutu anatoka ku kilio. Nikajua kuna kitu ya Innocent, na iko mubaya. Nikaogopa kukuuliza." Alifuta meza ambayo ilikuwa safi. "Tulikuwa baoga babili." Ningeweza kuishia pale. Alikuwa amenisamehe, na chai ilikuwa bado moto. Lakini nilikuwa nimepanda gari siku mbili na nina miaka niliyo nayo. "Feza," nikasema, "alirudi."

Nikamweleza yote, mti, shemeji, siku tisa za mguu, ahadi. Nje kuku walikuwa wakiparua, na mtu alikuwa akipasua kuni nyumba ya tatu. Niliposema fahari aliyokuwa nayo, alifunika mdomo kwa ncha ya kitenge chake, akaikaza pale. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo. Mwishowe akaondoa kitenge, na sauti yake ilikuwa ndogo, ya msichana.

"Alikuwa anavaa nini?"

"Koti," nikasema. "Koti ya kijivu, kubwa kumupita. Nafikiri ilikuwa ya kaka yake."

"Na ku miguu?"

"Buti za mpira. Moja ilikuwa imeshonwa na waya."

"Alikula?"

"Alikula. Nilikuwa na mchele kidogo, na majani. Alimaliza, nikamwongeza, akamaliza tena. Akasema pilipili ilikuwa kidogo."

Feza akatoa sauti, nusu kicheko. "Iko yeye," akasema. "Kila mahali pilipili ni kidogo." Akavuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa ya baridi na yenye nguvu, mikono iliyopokea watoto wengi wa mji ule. "Anza tena," akasema. "Anza pale alibisha hodi. Usiruke kitu."